Je, Mala Huzuia Homa? Maziwa Yaliyochachushwa na Kinga ya Mwili

Julai ikiingia Nairobi, kikohozi huwa cha wote. Matatu hufungwa madirisha kwa baridi, makanga anakohoa, abiria wa kiti cha nyuma anapiga chafya, na vibanda vya chai vinauza dawa ya tangawizi, limau na asali hadi usiku. Siku hizi dawa hiyo ina mshindani. Kwenye friji za supamaketi, kando ya yogati, kumepangwa vichupa vya maziwa yaliyochachushwa vyenye maneno kuhusu bakteria hai na kinga ya mwili. Mzazi mwenye mtoto wa chekechea huviangalia, hupiga hesabu ya bei, kisha hujiuliza kama mala ya paketi ambayo nyumba nzima hulia ugali haifanyi kazi hiyo hiyo.

Kwa kifupi, jambo la kweli lipo. Bakteria wa maziwa huigusa kinga yetu, na kuna majaribio yanayoonyesha mafua yakipungua kidogo kwa wanaokunywa. Ila faida hiyo ni ndogo kuliko inavyonadiwa, na hutegemea ni bakteria gani hasa, wangapi wamefika utumboni, na nani anayekunywa. Matangazo huyaruka hayo matatu, na humo ndimo mambo yote yalimo.

Bakteria gani?

Maziwa huchacha kwa sababu bakteria hula laktosi, sukari ya asili ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. Asidi ikiongezeka, protini huganda na maziwa kuwa mazito. Yogati ya kawaida hutengenezwa na bakteria wawili wanaopenda joto la nyuzi 42 hivi: Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Mala ya kiwandani hutumia jamaa wengine, hasa wa jenasi ya Lactococcus, wanaofanya kazi kwa joto la kawaida la chumba, ndiyo maana haina ladha ya yogati hata kidogo.

Bakteria hai wa yogati wana faida moja isiyo na ubishi. Watu wazima wengi barani Afrika hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja laktosi. Glasi ya maziwa huwajaza gesi na kuwaharisha. Yogati yenye bakteria hai huwapa nafuu, kwa kuwa sehemu ya laktosi imeshaliwa na vimeng'enya vya bakteria huendelea kuivunja iliyobaki. Hata Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo kwa kukataa madai ya vyakula haina mpinzani, iliikubali hiyo.

Kinga ya mwili ni suala jingine, na hapo ndipo probayotiki inapoingia. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikubaliana kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea anayevipokea faida ya kiafya. Kwa kipimo hicho, bakteria anayegandisha maziwa na kuyapa ladha hajawa probayotiki mpaka mtu ampime na kuionyesha hiyo faida.

Tena hupimwa nasaba, yaani ukoo mmoja ndani ya spishi, si spishi nzima. Mkenya mmoja akishinda marathoni ya Boston, haimaanishi kila Mkenya anayepanda ngazi za ghorofa za mtaa wa Pipeline anaweza kukimbia kilomita 42. Ndivyo ilivyo kwa bakteria: wawili wenye jina moja la kisayansi wanaweza kutofautiana kabisa katika kile wanachofanya mwilini. Kwa hiyo watafiti huongeza jina la tatu au namba mwishoni. Mtafiti Mjapani Minoru Shirota alitenga nasaba yake Kyoto mwaka 1930, na mwaka 1935 kinywaji cha Yakult kikaanza kuuzwa Japani. Watafiti Sherwood Gorbach na Barry Goldin walitenga yao Boston mwaka 1983, na herufi za kwanza za majina yao ndizo zile GG za Lactobacillus rhamnosus GG, bakteria aliyechunguzwa kuliko karibu wote wa kundi lake. Kichupa kinachosema tu "kina probayotiki" bila jina kamili hakijakuambia kitu unachoweza kukifuatilia. (Majina yenyewe yalibadilishwa mwaka 2020, jenasi ya Lactobacillus ilipogawanywa, ukiona Lacticaseibacillus kwenye lebo, ni yule yule wa zamani aliyepewa kitambulisho kipya.)

Wazo la kunywa maziwa yaliyochacha kwa ajili ya afya ni la zamani kuliko vichupa hivi vyote. Ilya Mechnikov wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1908 kwa kugundua seli za damu zinazomeza vijidudu, na mtu huyo huyo ndiye aliyeeneza imani kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando.  Yeye aliona maziwa kama njia ya kuzuia sumu za utumbo mpana. Aliyanywa kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71, umri mzuri kwa enzi zake lakini si wa miujiza.

Funda moja linapomezwa

Kinga na chakula hukutana utumboni, kwa hiyo tulifuate funda moja.

Kwanza ni tumbo lenyewe. Asidi yake huua vijidudu vingi, na bakteria wa yogati ya kawaida ni wepesi kufa hapo. Nasaba za probayotiki huchaguliwa kwa kustahimili asidi na nyongo, na maziwa yanayozibeba hupunguza ukali wa asidi kwa muda. Bado wengi hufa njiani. Wanaokufa hawapotei bure kabisa, maana vipande vya kuta zao bado hutambuliwa na kinga, jambo linaloeleza kwa nini tafiti nyingine hupata matokeo hata kwa bakteria waliouawa kwa joto.

Kisha huingia utumbo mwembamba. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walikadiria mwaka 2014 kwamba ngozi yote ya ndani ya njia ya chakula ina eneo la mita za mraba 32 hivi, chini sana ya uwanja wa tenisi uliotajwa vitabuni miaka nenda miaka rudi. Ngozi hiyo ina tabaka moja tu la seli. Upande mmoja kuna chakula, vijidudu na uchafu wowote uliomezwa. Upande wa pili kuna damu. Kinachotenganisha ni hilo tabaka na ute unaolifunika. Si ajabu basi kwamba mwili umekusanya seli nyingi za kinga nyuma ya ukuta huo kuliko mahali pengine popote.

Mwilini mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote wakiwa utumbo mpana. Mabilioni machache ya kichupa yakifika huko ni tone baharini. Lakini utumbo mwembamba una wakazi wachache sana, na kwa saa chache baada ya kunywa, wageni hao wanaweza kuwa umati mkubwa hapo. Tena humo ndimo mlimo mabaka ya Peyer, vikusanyiko vya seli za kinga ambavyo juu yake kuna seli maalumu zinazonyakua vijidudu kutoka kwenye chakula na kuvipitisha upande wa pili vikaguliwe.

Anayekagua ni seli dendriti. Ina vipokezi vinavyotambua vipande vya ukuta wa bakteria, na ikishashika kimoja huamua itoe ishara gani. Ishara hizo ni protini ziitwazo saitokini. Moja, interlukini 12, huchochea seli za NK, ambazo huua seli zilizovamiwa na virusi. Nyingine, interlukini 10, hutuliza. Bakteria wa nasaba tofauti huvuta uamuzi huo upande huu au ule, na hiyo ndiyo sababu ya kibiolojia ya kung'ang'ania majina kamili.

Ukaguzi huo pia huamsha seli B zinazotengeneza kingamwili aina ya IgA, ambayo humwagwa kwenye ute na kunasa vijidudu kabla havijagusa ukuta. Seli hizo haziishi utumboni tu. Husafiri kwa damu na nyingine huenda kutua kwenye njia ya hewa, na kwa mama anayenyonyesha, kwenye matiti. Hapo ndipo wanasayansi wanapopata maelezo ya kitu kilichomezwa kuwa na uhusiano wowote na pua inayochuruzika. Njia nyingine zipo, kama vile kukaza viungo kati ya seli za ukuta na kushindania nafasi na vijidudu vya maradhi, ila hiyo ya IgA ndiyo inayojibu swali la mafua.

Kuna dhana moja inayowaharibia watu hesabu, kwamba kinga ni kitu cha kupandishwa, na kadiri inavyokuwa juu ndivyo afya ilivyo njema. Ugonjwa wa lupasi ni kinga iliyogeukia mwili wake. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea kinga inapoharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Pumu na mzio ni kinga inayofanya fujo kwa vumbi na chavua. Wengi waliozidiwa na COVID-19 waliumizwa na ukali wa mwitikio wao wenyewe. Kwa hiyo baadhi ya mambo mazuri ambayo bakteria wa maziwa huenda wakafanya ni kutuliza kinga, kinyume kabisa cha picha ya ngao iliyo kwenye lebo. Na mtafiti akitangaza kwamba seli za NK "zilipanda" maabara baada ya wiki nne, muulize kama siku za kuugua za waliokunywa zilipungua. Hayo ni matokeo mawili tofauti, na la pili ndilo linalomhusu mwenye mtoto nyumbani.

Watu walipopewa wanywe

Jaribio linaloweza kumgusa mkazi wa Mukuru au Mathare lilifanyika Kolkata, India, kwenye mitaa ya mabanda. Watoto 3,758 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa kila siku kinywaji chenye nasaba ya Shirota, nusu kinywaji cha lishe kisicho na bakteria hao, kwa wiki 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuharisha kumepungua kwa asilimia 14. Si haba. Lakini ukiweka asilimia 14 kando ya maji safi, choo kinachofaa, sabuni na chanjo ya virusi vya rota vinavyowaharisha watoto, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2014, huwezi kumshauri mama mwenye shilingi chache aanze na kichupa.

Washington, Marekani, watoto 638 wa miaka 3 hadi 6 walipewa maziwa ya Actimel ya kampuni ya Danone, ambayo huko yaliuzwa kwa jina la DanActive, au kinywaji cha kufanana nacho. Maambukizi ya kawaida yalipungua kwa asilimia 19. Ila siku ambazo watoto walikosa shule hazikupungua. Mzazi wa Nairobi atalielewa hilo haraka kuliko mtakwimu: kama bado unaomba ruhusa kazini kukaa na mtoto siku zile zile, umenunua nini?

Kwa wazee, watafiti wa Ufaransa waliripoti mwaka 2009 kwamba waliokuwa na zaidi ya miaka 70 na kunywa Actimel walitoa kingamwili nyingi kiasi baada ya chanjo ya mafua makali. Jaribio hilo lilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Miaka mitatu baadaye, wenzao wa Ubelgiji walichapisha jaribio la wakazi 737 wa nyumba za wazee waliopewa maziwa yenye nasaba ya Shirota: hakuna tofauti kwenye kingamwili, hakuna tofauti kwenye dalili za kifua. Nasaba tofauti, watu tofauti, jibu tofauti. Mtu akichagua utafiti mmoja kati ya hiyo miwili, anaweza kukuthibitishia anachotaka.

Ndiyo maana hukusanywa yote kwa pamoja. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, kuhusu maambukizi ya pua na koo yalijumlisha majaribio 12 yenye watu 3,720. Waliotumia probayotiki waliugua kwa uchache zaidi, na ugonjwa wao ulikwisha mapema kwa karibu siku mbili. Waandishi wenyewe waliupa ushahidi huo daraja la chini: majaribio madogo, mbinu zenye kasoro, na mengi yakiwa na mkono wa kampuni zinazouza. Fedha ya kampuni haifanyi matokeo kuwa uongo. Inamfanya msomaji awe na haki ya kutaka mtu mwingine arudie.

Mahali ambapo haja ni kubwa zaidi, habari huwa si njema. Malawi, watoto 795 wenye utapiamlo mkali waliongezewa mchanganyiko wa bakteria kwenye chakula chao cha tiba. Ripoti ya mwaka 2009 haikuona kwamba ulisaidia kuwaponya utapiamlo huo. Hayakuwa maziwa ya kunywa, ni kweli, lakini ni onyo kwa anayedhani kwamba bakteria wema watafidia mwili uliokosa kila kitu.

Kisa kilicho karibu nasi, na kinachofundisha zaidi, ni cha Mwanza. Mwaka 2004 kikundi cha akina mama huko kilianza kutengeneza yogati yenye nasaba ya bakteria iitwayo GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Wazo lilikuwa na mashiko. HIV huziharibu mapema kabisa seli za kinga ziitwazo CD4 zilizo utumboni, ukuta wa utumbo unaanza kuvuja, na kinga inachoka kwa kupambana bila kupumzika. Kama bakteria wa maziwa wangeuziba ukuta hata kidogo, huenda CD4 zingepata nafuu. Mwaka 2010 kulichapishwa uchunguzi ulioona kwamba watu wanaoishi na HIV waliokuwa wakinywa yogati hiyo walipandisha CD4 kuliko wasiokunywa. Habari hiyo ilisambaa.

Kisha likaja jaribio la kweli: watu walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa vidonge vya bakteria hao, wengine vidonge vitupu, kwa wiki 25. Hakukuwa na tofauti yoyote ya CD4.

Mimi sioni aibu yoyote kwa wana-Mwanza hapo. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa watu waliojichagulia kunywa, na mtu anayeweza kufika kuchukua yogati kila siku pengine hufika pia kliniki na kula vizuri zaidi. Tena yogati ni protini, kalsiamu na nishati, vitu ambavyo kidonge hakina. Inawezekana kabisa yogati iliwasaidia kama chakula. Kilichoshindwa kuthibitika ni kwamba bakteria ndio waliofanya kazi, na bila shaka hakuna maziwa yanayoshika nafasi ya ARV.

Ukishalijua hilo, utaelewa kilichotokea mwaka 2010 kwa kampuni kubwa. Danone iliyaondoa maombi yake ya madai ya kiafya ya Actimel na yogati yake ya Activia mbele ya mamlaka ya Ulaya. Desemba mwaka huo, tawi lake la Marekani lilikubali kuacha kutangaza kwamba DanActive hupunguza uwezekano wa kupata mafua, na kulipa dola milioni 21 kwa majimbo 39.

Na maziwa yetu?

Turudi kwa mala ya ugali. Bakteria wake wako hai iwapo hayajapashwa moto baada ya kuchacha, na kama chakula ni bora kuliko vinywaji vingi vilivyo kwenye friji hiyo hiyo. Hakuna sababu ya kibiolojia ya kudhani kwamba kinga ya utumboni haiwaoni. Ila faida yao kwa mafua haijapimwa kama ilivyopimwa ya Shirota au GG, na kukosa kupimwa si ushahidi wa upande wowote.

Maziwa ya kienyeji yana utajiri zaidi. Watafiti walipochunguza mwaka 2004 maziwa ya Wamaasai yaliyochacha, yaitwayo kule naoto, walikuta Lactobacillus plantarum akitawala, spishi yenye nasaba kadhaa zinazouzwa ng'ambo kwa bei ya dhahabu. Mursik ya Wakalenjin hulazwa kwenye kibuyu, sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka kuta zikawa nyeusi na maziwa yakatoka na madoa ya kijivu. Mwanariadha akitua na medali uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, hupokewa nayo. Lakini kila uchachushaji wa asili una bakteria na hamira zake, na zao lao si lazima liwe jema. Utafiti wa mwaka 2013 ulipata kwenye mursik asetaldehidi kwa viwango vya kutia wasiwasi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa ulio mwingi Magharibi mwa Bonde la Ufa. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo inayouleta. Hata hivyo, ukisikia mtu anasema cha asili hakina madhara, mkumbushe hiyo.

Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, nako kuna susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha, yanayouzwa kwa mitungi na chupa za plastiki zilizooshwa kwa moshi. Mwaka 2012 ilibainika kwamba bakteria anayetawala susa ya Kenya na Somalia ni Streptococcus infantarius, ambaye ndugu zake wa karibu huhusishwa na maradhi. Inaonekana amezoea maziwa kwa karne nyingi na huenda amepoteza makali, ila bado hajapewa cheti.

Hatari kubwa zaidi ni ya kawaida sana: maziwa mabichi. Brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo, na kuchacha peke yake si kinga ya uhakika. Anayetaka mala ya nyumbani achemshe kwanza, hata maziwa ya ATM ya dukani, ayaache yapoe hadi kidole kihimili bila kushtuka, akoroge vijiko viwili vya mala hai kutoka kwenye paketi, afunike sufuria na kuiacha kabatini hadi asubuhi. Ukiendelea kuchota ya leo kuanzisha ya kesho, baada ya mizunguko kadhaa mchanganyiko wa bakteria hubadilika. Ladha ikigeuka, anza na paketi mpya.

Njia ya kati ipo, na nashangaa haizungumzwi sana mjini. Taasisi ya Yoba for Life, iliyoanzishwa na Waholanzi, hutoa chachu yenye nakala ya ile nasaba ya GG chini ya jina la yoba. Pakiti ya gramu moja huchachusha lita 100 za maziwa. Nchini Uganda chachu hiyo imeenea kwa watengenezaji wadogo, na imefika Kenya na Tanzania. Yaani bakteria aliyechunguzwa kuliko karibu wote anaweza kutengenezwa kwa sufuria na jiko la kawaida, bila kichupa cha kuagizwa.

Si kila utumbo hupokea wageni

Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, waliingiza kamera ndani ya matumbo ya watu waliokuwa wakimeza probayotiki badala ya kutegemea kinyesi. Kwa wengine bakteria walishika ukutani, kwa wengine walifukuzwa wote. Hata wanaokaribishwa, ukiacha kunywa kwa wiki kadhaa kwa kawaida hutoweka. Kwa hiyo kunywa kichupa kimoja siku unayohisi koo linawasha ni kupoteza hela.

Kundi hilo hilo liliona jambo lisilopendwa na wauzaji: kwa watu waliomaliza antibayotiki, vidonge vya probayotiki vilichelewesha kurudi kwa bakteria wao wa asili. Ni kweli pia kwamba kuharisha kunakosababishwa na antibayotiki huweza kupungua kwa kutumia nasaba fulani. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Utafiti ulionivutia kuliko wote haukuhusu kichupa. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwagawa watu wazima 36 wenye afya: nusu wale vyakula vya nyuzinyuzi nyingi, nusu vyakula vingi vilivyochachushwa, yogati na maziwa ya kefiri vikiwemo, karibu mara sita kwa siku, kwa wiki 10. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwa kundi la pili aina za bakteria utumboni zimeongezeka, na protini 19 za damu zinazoashiria inflamesheni, yaani kinga iliyowaka mwilini, zimeshuka. Watu 36 ni wachache, na sehemu sita kwa siku si utani. Lakini hapo kinga ilitulia, na ilikuwa kazi ya mlo mzima.

Ukisimama mbele ya friji, basi, tafuta jina kamili la bakteria, idadi yake, na maneno yanayosema yuko hai hadi tarehe ya mwisho. Kwa yogati, viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka angalau milioni 10 kwa kila gramu. Yogati inayokaa rafuni bila friji kwa miezi mingi kwa kawaida imepashwa moto baada ya kuchacha. Ni chakula, ila bakteria wake wamekufa. Angalia sukari pia, kwa kuwa baadhi ya vinywaji hivi vina utamu wa soda, na mtoto akipewa kila siku meno yake ndiyo yatakayolipa. Kama friji ya duka huzimwa usiku kuokoa umeme, jina zuri la nasaba halitakusaidia.

Kwa mtu mwenye afya, hatari ni ndogo sana. Kuna wachache ambao kwao bakteria hai si mchezo: watoto njiti, wagonjwa mahututi wenye mipira ya dawa kwenye mishipa mikubwa, na wale ambao kinga yao imebomolewa na tiba ya saratani au dawa za kupandikizwa kiungo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu probayotiki kwa watoto njiti baada ya mtoto mmoja kufariki. Sisi huwa na desturi ya kumpelekea mgonjwa yogati na maziwa saa ya kutembelea wodi. Kwa wagonjwa wa aina hiyo, muuguzi aulizwe kabla kifuniko hakijafunguliwa.